Kozi ya jioni ya Kiingereza cha kati, Moshi: maoni ya mpishi wa mlimani

Nianze na hela, maana ndilo swali la kwanza kila anayenisimamisha njiani. Ada ya miezi mitatu ni shilingi 150,000. Fomu ya kujiunga 20,000. Kitabu, ambacho ni fotokopi zilizobanwa pini, 15,000. Halafu wiki ya mwisho unaambiwa cheti nacho kina gharama yake, 30,000, na hiyo haikuwapo kwenye bango wala kwenye fomu. Jumla 215,000. Nimelipa mwenyewe kwa tipu za Februari na hakuna aliyenipunguzia hata mia ili nisifie. Jina la chuo silitaji. Kipo Moshi mjini, na vya aina yake vimejaa, bango la bluu, picha ya Mzungu anacheka na "ongea Kiingereza kama maji ndani ya miezi mitatu".

Mimi ni mpishi wa mlimani, Kilimanjaro, nawapikia watalii wanaopanda. Nilianza kama mgumu, yaani mbeba mizigo, miaka minne ya ndoo kichwani na begi mgongoni, kisha nikakabidhiwa jiko, na jiko lenyewe sasa lina miaka saba. Wenzangu wananiita injinia wa matumbo. Ninachotaka ni kuhamia upande wa waongozaji kabla magoti hayajakataa. Kule juu mwongozaji tunamwita "gaidi", kwa kufuata matamshi ya Kiingereza, na mke wangu kila nikitaja mpango huo huuliza kama mtaa mzima utakubali kukaa na gaidi.

Kiingereza nilichoingia nacho darasani kilikuwa cha kidato cha nne. Hadi leo naweza kukutajia hatua za usanisinuru kwa Kiingereza safi. Lakini mgeni akiniuliza kwa nini supu ya leo ina chumvi kuliko ya jana, nilikuwa nacheka tu na kuondoka na sufuria.

Kilichonipeleka kujiandikisha ni aibu moja ya mwaka juzi. Tulikuwa kambi ya Shira, na mgeni mmoja, mama wa makamo, alinifuata mwenyewe hadi hema la jiko akanieleza jambo refu kuhusu ngano. Aliongea taratibu, kwa heshima. Mimi nikawa naitikia, yes, yes, no problem. Kesho asubuhi nikampelekea chapati za maji. Hakula. Mchana nikampa makaroni. Hakula. Usiku mwongozaji mkuu akaja jikoni akaniuliza kama nina akili timamu, mama wa watu tumbo lake halipokei ngano kabisa na ameshinda kwa ndizi mbili. Ukinipa yale maneno yake leo yameandikwa kwenye karatasi, nisingekosa hata matano. Kilichonishinda ni kumkatisha na kusema: samahani mama, hapo rudia, unamaanisha kidogo au kabisa?

Basi masika ilipoingia na mlima ukalala, nikajiandikisha. Aprili hadi Juni, Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni mpaka saa moja na nusu usiku. Bango lilisema "daraja la kati, B1, darasa dogo la watu 15". Siku ya kwanza tulikuwa 31 na viti 26. Hiyo B1 mimi nilidhani ni namba ya chumba. Nilizunguka korido nzima naitafuta.

Walimu walikuwa wawili na inabidi niwatenganishe, kwa sababu ukiwachanganya utapata picha ya uongo. Jumatatu na Jumanne alikuwa Ticha wa sarufi. Jumatano na Alhamisi alikuwa Madamu.

Ticha si mtu mbaya. Anafika kwa wakati, shati limenyooshwa, chaki zake anakuja nazo mwenyewe. Lakini alitukalisha wiki mbili nzima kwenye ile sentensi ya "laiti ningalijua, nisingalikwenda". Kanuni ubaoni, mifano 40, tunakili. Mimi namheshimu, ila najiuliza, Mswahili gani anahitaji wiki mbili kufundishwa kujuta? Tuna -nge- na -ngali- tangu tunanyonya. Angesema tu kwamba Kiingereza nacho kina yake na inajengwa hivi, tungemaliza siku moja na kubakiwa na siku tatu za kujaribu kufungua midomo. Katika wiki zile mbili nilizungumza Kiingereza darasani mara moja, kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Madamu siku yake ya kwanza hakufungua kitabu. Alibandika karatasi ya manila ukutani, tupu, akaandika juu yake neno moja, "Naweza", kwa Kiingereza. Akatuambia hii B1 mnayoilipia si jina la chuo wala la kitabu. Ni ngazi ya tatu kati ya sita, kuanzia A1 hadi C2, zilizotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na zinatumika kupima lugha yoyote, si Kiingereza tu. Kila ngazi imeelezwa kwa mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya, wala hakuna orodha ya kanuni anazopaswa kuzikariri. Na ngazi hii ya tatu wenyewe wameipa jina la kizingiti. Mzee mmoja wa nyuma, mstaafu wa kiwanda cha sukari, akasema kwa Kiswahili, "Kumbe miaka yote hii nimekuwa nje napiga hodi." Tulicheka, lakini Madamu alimjibu kwa uzito kabisa. Alisema ndivyo hasa, na ukishavuka kizingiti upo ndani ya nyumba, ila usitegemee siku hiyohiyo kukaribishwa hadi chumbani.

Kisha akajaza manila. Kwamba mtu wa ngazi hii, mtu akiongea naye wazi na kwa lugha ya kawaida kuhusu mambo anayokutana nayo kila siku, kazi, shule, mapumziko, anashika kiini cha maneno. Kwamba akiwa safarini anajitoa katika mikwamo mingi ya kawaida. Kwamba anaandika habari fupi inayoshikamana kuhusu jambo analolijua. Kwamba anasimulia kilichomtokea, anaeleza ndoto na matumaini yake, na akitoa wazo anaweza kusema kwa kifupi kwa nini. Basi. Nilikaa naitazama ile karatasi nikasema, mbona hapa hakuna filamu? Mbona hakuna habari za redioni zinazokimbia? Nilikuwa nimejidharau miaka yote kwa sababu wageni wawili kutoka Scotland wakianza kutaniana mezani siambulii kitu. Madamu akasema kutaniana kwa watu wawili wenye lugha yao ni ngazi za mbele huko, usijipime nako. Wewe jipime kwa mgeni mmoja anayekutazama usoni na kuongea na wewe. Kwangu mimi hapo peke yake shilingi elfu 50 zilirudi.

Jumatano za Madamu zilikuwa na mchezo mmoja ambao nitausifia mpaka nizeeke. Unapewa karatasi yenye jina la kitu kwa Kiswahili, kitu ambacho uhakika hujui Kiingereza chake, na una dakika moja kuwafanya wenzako wakitambue bila kutaja jina na bila kuonyesha kwa mikono. Mimi nilipewa mwiko. Nikaeleza ni kitu cha mti, kirefu kama mkono, mama anakitumia kupikia ugali, na mtoto akikosea kinatumika pia. Wakajua kabla sijafika kwenye mtoto. Dada wa mapokezi ya hoteli alipewa chandarua akamaliza kwa sekunde kumi. Kijana anayeuzia watalii batiki alipewa "shikamoo", ambayo si kitu, na hapo darasa zima liliingia uwanjani kumsaidia. Shikamoo unaielezaje? Ni salamu, lakini mdogo ndiye anayeanza, na mkubwa hairudishi, anajibu neno lingine. Tulitumia nusu saa na nadhani ndiyo nusu saa ya kwanza maishani niliyosahau kwamba nazungumza Kiingereza.

Mchezo huo ulinipa dawa ya ugonjwa wangu. Ukikosa neno usinyamaze wala usiseme yes. Zunguka. Usipoelewa, simamisha, na kusimamisha kwenyewe kuna ngazi zake: kuomba mtu arudie, kuomba aongee taratibu, kuuliza neno moja maana yake nini, na ile iliyo bora kuliko zote, kurudia alichosema kwa maneno yako na kuuliza, ndivyo ulivyomaanisha? Hii ya mwisho Madamu alitufanyisha kila Alhamisi, wawili wawili, mpaka dada wa mapokezi akasema anaiota.

Alhamisi pia ndizo zilikuwa za kile alichokiita mitego ya Mswahili, na hiki hukikuti kwenye kitabu cha fotokopi, kwa sababu aliyeandika kile kitabu hakuwa akituwazia sisi. Mtego wa kwanza ni "pole". Sisi mtu akijikwaa tunasema pole, akipiga chafya pole, akirudi kazini pole. Tukiingia kwenye Kiingereza tunatafsiri, sorry, sorry, na mgeni anashangaa unaomba msamaha wa nini wakati jiwe hukuliweka wewe. Nimeombea msamaha mawe yote ya ukuta wa Barranco, ule mwamba mkali wa njiani. Wa pili ni "nakuja". Unainuka mezani, unaaga kwamba unarudi sasa hivi, unasema I am coming huku unaondoka. Mgeni anatazama mgongo wako unavyopotelea kwenye ukungu.

Wa tatu ni yeye. Kiswahili hakijali kama yeye ni mwanamume au mwanamke, Kiingereza kinajali sana, na mimi hadi leo ninaposimulia haraka mama wa mtu anaweza kugeuka baba katikati ya sentensi. Madamu alisema hili litachukua muda, lisitufunge mdomo.

Wa nne ni saa. Hapa kila mtu wa utalii darasani alikuwa na kisa. Safari ya kwenda kileleni tunaondoka Barafu, kambi ya mwisho, kama saa sita usiku. Ukimwambia mgeni six, anapanga mambo yake kwa saa kumi na mbili. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwatangazia wageni kwamba chai ya asubuhi itakuwa tayari saa moja, nikatafsiri moja kwa moja, na baba mmoja akaja kuniuliza kwa wasiwasi kama kweli tunakunywa chai usiku wa manane. Madamu alituchorea saa mbili ubaoni, ya kwetu na ya kwao, zinatazamana, mshale mmoja chini na mmoja juu, na akatupa zoezi la kutangaza ratiba ya kazi zetu halisi. Dada wa mapokezi alitangaza kifungua kinywa, mzee mstaafu akatangaza zamu za kiwandani, mimi nikatangaza usiku wa kileleni. Kijana wa batiki alisema yeye hufungua akiamka.

Sasa mabaya, na si machache.

Saa zenyewe. Saa mbili kwa siku, siku nne kwa wiki, wiki 12, hiyo ni saa 96 kwenye karatasi. Ukitoa sikukuu, siku umeme ulipokatika, na zile Jumatatu mbili tulizofika tukakuta geti limefungwa bila taarifa, mimi nilihesabu 81. Cambridge wenyewe, watu wa mitihani, wanakadiria mtu anahitaji saa za kufundishwa 180 hadi 200 kufika A2, na 350 hadi 400 kufika B1. Maana yake kutoka ngazi ya pili kwenda ya tatu peke yake ni kama saa 150 kwenda juu. Kwa hiyo chuo kinachokuchukua mtu wa salamu na kukuahidi B1 kwa miezi mitatu hakijui hesabu au kinaijua vizuri mno. Kwa upande wangu ilinisaidia kwa sababu nilikuwa na akiba ya sekondari iliyolala, na darasa likaiamsha. Binti mmoja aliyekuwa jirani yangu hakuwa na akiba hiyo. Alilipa sawa na mimi, na mwezi wa pili akaacha kuja. Hakuna aliyempima siku ya kujiandikisha. Hakuna aliyetupima yeyote. Ukiwa na hela wewe ni wa kati.

Mazoezi ya kusikiliza yalikuwa kichekesho. Spika moja ndogo mbele ya watu 31, feni inapiga kelele, nje bodaboda, na kwenye rekodi mtu anatangaza treni inayochelewa katika kituo ambacho jina lake tu liliwashinda nusu ya darasa. Mtu wa ngazi ya kati anatakiwa kweli ashike tangazo rahisi, sibishi. Lakini tangazo la uwanja wa ndege wa KIA lingekuwa na kosa gani? Kitabu chote ndivyo kilivyo. Kuna sura nzima ya kupanga chumba na mwenye nyumba anayekataza paka. Mimi sijawahi kuwa na paka. Nilijazia nyumbani kwa vipindi vya dakika sita vya BBC vya wanaojifunza Kiingereza, vinapatikana bure, na kila siku nilikuwa nasikiliza kimoja mara mbili nikitembea kutoka Kiboriloni, mara ya kwanza kupata kiini, ya pili kupata vijineno. Kwa sikio, vile vilinifaa kuliko ile spika.

Na mtihani. Hapa ndipo nilipokasirika. Siku ya mwisho tulipewa maswali 60 ya kuchagua a, b, c, d, na karibu yote ni ya Jumatatu na Jumanne. Hakuna aliyetusikia tukiongea hata neno. Mtihani wa Cambridge wa ngazi hii una sehemu ya kuongea, watahiniwa wawili wawili mbele ya wasahihishaji wawili, kama dakika 12. Sisi tuliolipia "ongea kama maji", tulipimwa kwa penseli. Nilipata 44. Mzee mstaafu, ambaye katika kuzungumza alikuwa anatuzidi sote na anaweza kukusimulia kiwanda kizima kuanzia shamba la miwa hadi gunia, alipata 27 na akaambiwa hajafaulu. Aliikunja ile karatasi ikawa ndogo kama stempu akaiweka mfukoni. Cheti changu nimekiweka kabatini. Hakisemi mahali popote kwamba kinatambuliwa na nani, kina mhuri na maua.

Kuhusu kuandika sina malalamiko. Kitabu kilitaka tumwandikie barua rafiki wa kalamu. Madamu akaniuliza wewe kazini unaandika nini? Nikasema hakuna, ila siku nikiwa mwongozaji nitatakiwa kuandika taarifa mtu akiugua. Akasema basi andika hiyo. Niliandika sentensi nane kuhusu mgeni aliyeumwa kichwa na kutapika kambi ya Kibo, njia ya Marangu, tukamshusha kambi ya Horombo usiku uleule, yaani kutoka kwenye mita 4,720 hadi 3,720. Iliporudi nilitegemea kuikuta imevuja damu ya kalamu nyekundu. Alikuwa amezungushia makosa matatu tu. Mengine aliyaona, akayaacha. Aliniambia hayo matatu ndiyo yanayomfanya msomaji aelewe kitu kingine, na moja lilionyesha kwamba mgonjwa ndiye aliyembeba mwongozaji. Mengine msomaji anayavuka bila kujikwaa, na kwa ngazi yangu hilo linaruhusiwa. Sikuwahi kuona mwalimu anaacha kosa kwa makusudi. Sekondari tulichapwa kwa herufi.

Agosti nilirudi juu, njia ya Machame, wageni watatu. Pale getini, kabla hata ya kupima mizigo, binti mmoja wa Kanada akaja kunitafuta mimi mpishi. Akanionyesha kijaruba cha dawa akasema hawezi kula karanga. Moyo ulinidunda, nikamwona yule mama wa Shira. Lakini safari hii sikusema no problem. Nilimwomba arudie taratibu. Nikamuuliza, ni kuzila tu, au hata kama zimegusana na chakula kingine? Hata zikigusana. Mafuta yake je? Hata mafuta. Ukizila kwa bahati mbaya nini kinatokea, na kinatokea haraka kiasi gani? Koo linavimba, dakika chache. Dawa hii inachomwa wapi na nani mwingine anajua kuichoma? Paja, na dada yake anajua. Kisha nikamrudishia yote kwa maneno yangu na kuuliza ndivyo? Akasema ndivyo. Yeyote anayejua jiko la mlimani anajua saa kumi jioni tunapeleka nini kwenye hema la chai, bisi na karanga. Nilitoa kilo mbili za karanga kwenye ndoo pale pale getini nikamwachia mlinzi, nikaosha ile ndoo mara mbili, nikasoma pakiti zote za biskuti moja moja. Mbili zilikuwa nazo.

Siku ya nne tukashuka ukuta wa Barranco upande wa pili na kufika kambini, kama mita 4,000. Pana ubao mkubwa wenye jina. Binti akasimama mbele yake apige picha, akanigeukia akauliza, na Karanga maana yake nini?

Nilifikiria kudanganya. Mungu ananiona. Kisha nikamwambia. Uso wake ulibadilika rangi, akarudi hatua moja nyuma kama ubao utamwuma. Nikamwambia ngoja, ni jina la bonde tu, jina halina mafuta. Kwa urefu huu haioti karanga wala kitu kingine cha kula. Kitu pekee tunachochukua hapa ni maji, kwa sababu kutoka hapa hadi Barafu hakuna maji tena, na wale wagumu unaowaona wanateremka bondeni na madumu wanachota ya kupikia chakula chako cha kesho. Nilitumia "because" mara tatu katika maelezo yale, nilizihesabu baadaye kitandani. Akacheka mpaka akakaa chini. Usiku akaja kwenye mlango wa hema la jiko na dada yake akauliza kama nimewahi kukosea chakula cha mgeni. Nikawasimulia ya yule mama na ngano, kutoka mwanzo hadi ndizi mbili. Mama aligeuka baba mara mbili. Nilijisahihisha mara moja, ya pili wakanisahihisha wao, tukaendelea.

Nyota: Madamu tano. Chuo mbili, na mojawapo ni ya choo, kisafi muda wote. Kama umemaliza kidato cha nne, una kazi inayokukutanisha na wageni na una miezi mitatu ya masika, nenda, lakini uliza kwanza nani anafundisha siku gani. Ukikuta wanafundisha sarufi siku zote nne, hela yako itakufaa kwingine. Kama unaanza kabisa, usikubali kuingizwa daraja la kati hata kama nafasi ipo, na itakuwapo. Kama unachotaka ni karatasi ya kuonyesha ubalozini au chuo kikuu cha nje, hii haitakusaidia, tafuta mtihani unaotambulika. Uliza mapema kuhusu hela ya cheti. Mimi nikiulizwa leo nisingelipa ile 30,000, ningenunua spika.

Madamu nimesikia ameanzisha kikundi chake cha Jumamosi, watu wanane, anasomeshea nyumbani. Mzee mstaafu ndiye aliyenipigia kuniambia, na aliongea Kiingereza simu nzima, hata pale alipokuwa anatukana makato ya vocha.